Mahema yasogezwe mbali na maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Siku hizi kila picha ya kempu, iwe gazetini iwe kwenye simu, ni hema limesimikwa ukingoni kabisa mwa mto, yaani mtu akitoa mguu nje anakanyaga maji. Picha inapendeza, sikatai, ila waliozoea kulala porini wakiiona wanaguna tu.

Mto hausubiri mvua inyeshe pale ulipolala wewe ndo ujae. Inaweza kupiga huko juu milimani, mbali kabisa, wewe unahesabu nyota hakuna hata wingu, halafu usiku wa manane maji hayo yanakufikia. Na ubaya wake ule mlio wa mto unaokubembeleza ndo huohuo unaomeza sauti zingine zote, husikii maji yakipanda wala mwenzako akikuita. Watu wanadhani mpaka yafike kifuani ndo hatari, wapi! Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, yakifika sentimita 60 yanabeba magari. Sasa pata picha uko ndani ya begi la kulalia, zipu imefika shingoni, giza totoro na tochi hujui umeiweka wapi.

Na mto wenyewe unaacha ushahidi, tatizo watu hawaangalii. Ukifika angalia matawi ya miti ya pale kandokando, ukikuta nyasi kavu na vijiti vimenasa huko juu usawa wa kichwa chako, vyote vimelalia upande mmoja, ujue maji yalishafika hapo. Mstari wa tope kwenye magome nao ni hivyohivyo. Na kama maji yalikuwa meupe mara yamegeuka rangi ya udongo yanashuka na majani na vijiti, usianze kukunja hema, amsha watu mpande juu, vitu vitanunuliwa vingine.

Wenye uzoefu wanashauri mita 60 toka kwenye maji, ni kama hatua 70 au 80 za mtu mzima, sio mbali kihivyo na mto bado unausikia vizuri tu. Tena huko nyuma kunakuwa na joto zaidi, maana usiku hewa ya baridi inateremka inakaa bondeni, ndo maana walioko ukingoni wanaamka hema linadondosha matone kwa ndani halafu wanalaumu hema kwamba linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zimegandia kwenye kitambaa. Pia wanyama wanapata njia ya kwenda kunywa usiku bila kukutana na kamba zako. Ila ukiingia kwenye miti inua kichwa kwanza, tawi lililokufa halipigi hodi.

Umbali huohuo ndo wa kuogea na kuoshea vyombo, chota maji kwenye ndoo uende nayo huko, hata ile sabuni iliyoandikwa inaoza yenyewe inahitaji udongo ndo ioze, sio mto. Choo kama hakipo chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, pia mbali na maji, ufukie. (Na nyie wa spika, usiku hewa ya juu ya maji ikipoa sauti inasafiri mbali kuliko mchana, huo muziki wenu ng'ambo ya pili wanausikia wote.)

Wenye kempu ndo nawashangaa zaidi, maana wao mto wao wanaujua, masika na kiangazi wapo palepale, lakini viwanja vya mahema wanavipanga mstari wa mbele kwenye maji kwa sababu ndo vinavyogombaniwa, halafu wanaweka kibao kwamba mgeni analala kwa hatari yake mwenyewe. Hicho kibao hakisaidii kitu saa nane za usiku. Wapake rangi kwenye mashina kuonyesha maji yaliwahi kufika wapi, na chochote kilicho chini ya hiyo alama kiwe cha kukaa mchana tu, meza na viti basi, kulala hapana.

Ni mimi,
Msomaji wenu mlala mahemani