Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Huu na Ile Pakeji Mnayonisakama Nayo

Ndugu wanachama, salamu.

Za kawaida mnazijua sitawachosha, toleo jipya la distro yetu, yaani mfumo wetu wa Linux na programu zake, limetoka limechelewa wiki sita, seva ya kubildi (kugeuza kodi kuwa programu) ilikufa mara mbili ikafufuka, bagi (kasoro) kibao zimefungwa na kibao zimefunguliwa. Wanachama tuko 43, waliolipa ada 17, mkutano wa mwaka tulikuwa 9 na akidi ni 15. Hesabu pigeni wenyewe.

Sasa tuje kwenye lile jambo, mnaposema nimevunja kanuni yetu kwa pakeji moja, yaani programu iliyofungashwa kuingia kwenye distro. Ndio, mimi ndiye niliyeruhusu ile programu ya bakapu iingie kwenye distro na laibrari zake tumboni, yaani vipande vya kodi inavyovitegemea. Kanuni naijua, nusu yake niliiandika mimi: laibrari moja nakala moja, wote watumie hiyohiyo. Na sababu naijua, 2005 ilipotoka bagi ya zlib, laibrari ya kubana data, watu walihangaika kusaka programu zilizobeba nakala yake ndani, maana kuziba ile ya mfumo tu haikutosha. Lakini hii ina vilaibrari 312, kila kimoja na vesheni yake. Mtunza pakeji wetu alikaa miezi minne anavitenga kimoja kimoja, kafika cha 140, developa akatoa vesheni mpya, 60 vikabadilika. Siku hiyohiyo akaniandikia "mwenyekiti, mimi basi" na hajaonekana tena.

Mliosema tulegeze namba za vesheni inazodai ili itumie laibrari zetu, tulijaribu. Ikabildi safi kabisa, kurudisha bakapu ikagoma, watumiaji wetu wakamwendea developa na malalamiko, akawajibu hicho si alichotengeneza yeye. Mimi ningejibu hivyohivyo. Na sisi watu wa distro tusijifanye malaika, 2006 ni mtunza pakeji wa Debian, distro kubwa, aliyeondoa mistari miwili kwenye OpenSSL, laibrari ya kutengeneza funguo za siri, akidhani anasafisha, mpaka Mei 2008 inagundulika funguo zinazowezekana zilikuwa zimebaki 32,767 tu kwa kila aina na saizi. Hata xz ya 2024, programu ya kubana mafaili, sumu (mlango wa siri wa kuvamia) ilitiwa hukohuko kwenye mradi wenyewe, ila ilifika kwenye sshd, programu ya kuingilia seva kwa mbali, kwa sababu baadhi ya distro ziliongeza viraka vyao (mabadiliko ya kodi) kuiunganisha sshd na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ambayo nayo hutumia xz.

Nimeambiwa nilikurupuka. Sikukurupuka. Niliweka masharti: ibildiwe bila intaneti, kila kiraka chetu kipelekwe kwa developa, na pakeji ibebe orodha ya vilaibrari vyote na vesheni zake, ili likitoka tangazo la usalama tusianze kupapasa kama 2005. Hiyo orodha niliiandaa mimi, usiku, peke yangu, kumbukumbu zipo. Walionipinga kwa barua ndefu ni 6, kati yao aliyelipa ada 1, nasema tu.

Mwaka ujao tunategemea kupata watu wa usalama, kuipitia kanuni upya, na panapo majaliwa mashine nyingine ya kubildi. Siku ya kupigia kura hiyo kanuni nitatangaza, mje basi hata 15. Ada bado zinapokelewa.

Mwenyekiti