Majina ya watumwa wa Marekani yamo katika mirathi za mabwana zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala ya gazeti lako kuhusu Wamarekani weusi wanaofika Zanzibar na Bagamoyo kutafuta asili yao. Makala ilikuwa nzuri na yenye huruma, lakini mwandishi alihitimisha kwamba wageni hao hawana hati yoyote ya kuanzia, kwa kuwa wazee wao hawakuandikwa popote kabla ya utumwa kukomeshwa, na kwamba kilichobaki kwao ni kipimo cha vinasaba peke yake. Nimeoa katika ukoo wa Wamarekani weusi wa Virginia, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimsaidia baba mkwe wangu kusoma kumbukumbu za mahakama za huko. Kauli ile si sahihi, tena inawakatisha tamaa watu ambao wameshanyang'anywa mengi. Wazee wao waliandikwa. Waliandikwa katika wosia na mirathi za waliowamiliki, na huko ndiko wanakopaswa kutafutwa.

Naelewa kosa hili linatoka wapi. Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini hadi ile ya 1840 ilitaja jina la mkuu wa kaya tu, na waliobaki wakahesabiwa kwa idadi. Sensa ya 1850 ndiyo iliyoanza kumtaja kila mtu huru kwa jina lake. Watumwa waliwekwa katika karatasi za peke yao, mwaka 1850 na tena 1860, ambamo kuna jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, lakini majina yao kwa kawaida hayamo. Kwa hiyo mjukuu anayerudi nyuma hatua kwa hatua huwakuta wazee wake kwa majina kamili katika sensa ya 1870, ya kwanza baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na uhuru wa watumwa, kisha akigeuza ukurasa wa kabla yake haoni mtu. Wengi huishia hapo na kuamini kwamba hakuna zaidi.

Serikali haikuwa na haja ya jina la mtumwa, ila mahakama iliyogawa mali ya marehemu ilikuwa nayo, na sababu yake ni chungu: katika sheria za wakati ule mtumwa alikuwa mali, na mali haiwezi kugawanywa, kuuzwa wala kudaiwa bila kutambulishwa ni ipi. Msomaji aliyewahi kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo ataufahamu mwenendo wenyewe bila taabu. Marehemu aliyeacha wosia aliteua msimamizi. Asiyeacha, mahakama ilimteua mtu na kumtaka aweke dhamana, na wadhamini wake mara nyingi walikuwa ndugu au shemeji za wafiwa. Kisha majirani kadhaa waliapishwa, wakaenda nyumbani kwa marehemu kuandika na kuthamini kila walichokikuta. Baada ya hapo zilifuata hesabu za msimamizi, karatasi za mnada ikiwa kulikuwa na madeni, na hatimaye mgawanyo wa warithi. Kila hatua iliacha karatasi yake, na katika kila moja mtumwa yule yule anaweza kutajwa upya. Kule Virginia karatasi hizo zilinakiliwa katika madaftari ya mahakama za kaunti. Kule Maryland, tangu mwaka 1777, zilisimamiwa na msajili wa wosia wa kila kaunti na chombo ambacho hadi leo kinaitwa Mahakama ya Yatima, japokuwa yatima wa mahakama hiyo aliweza kuwa mtoto aliyefiwa na baba tu, mama yake akiwa hai.

Orodha ya mali ndiyo inayouma kuliko hati zote, na ndiyo yenye manufaa makubwa. Adolph Philipse, mfanyabiashara mkubwa wa New York, alifariki mwaka 1750 bila mtoto. Wathamini walifika kwenye shamba lake lenye kinu katika bonde la mto Hudson, mahali panapoitwa leo Sleepy Hollow, wakaandika ng'ombe, vyombo na samani, na katika orodha hiyo hiyo wakaandika watu 23, wanaume, wanawake na watoto. Majina yao yapo: Caesar, Diamond, Sampson, Flip, Venture, Massy, Susan, Abigail na wenzao. Kama si kifo cha tajiri yule na haja ya kuigawa mali yake, huenda tusingejua kwamba mwanamke aitwaye Massy aliishi pale.

Orodha za namna hii husema zaidi ya majina kwa anayezisoma kwa subira. Mara nyingi mama na mtoto mchanga huandikwa katika mstari mmoja kwa bei moja, na hapo uhusiano wao umethibitishwa na watu walioapa mbele ya hakimu, hata kama haikuwa nia yao. Kijana mwenye nguvu au fundi huwekewa bei ya juu. Mzee hushuka, na wapo walioandikiwa sifuri, maana wathamini waliona hawafai tena kwa kazi. Ukilinganisha orodha ya baba aliyefariki na ile ya mwanawe aliyefariki miaka 20 baadaye, utamwona msichana wa orodha ya kwanza akiwa mama katika ya pili. Baba mkwe wangu huitazama safu ya majina muda mrefu kabla hajaitazama safu ya bei, nami nimejifunza kutomharakisha.

Wosia wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ni mfano unaojulikana, lakini watu huutaja kwa sehemu yake nyepesi tu, kwamba aliwaacha huru watumwa wake. Aliuandika Julai 1799, miezi mitano kabla ya kufa, na mwaka huo huo alitengeneza orodha ya watu wote waliokuwa utumwani kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, jumla 317, akionyesha kazi ya kila mmoja na, kwa walio wengi, mume au mke ni nani na anamilikiwa na nani. Aliowamiliki yeye mwenyewe walikuwa zaidi ya 120, na hao ndio aliagiza wapewe uhuru baada ya kifo cha mkewe Martha, isipokuwa William Lee, mtumishi wake wa karibu, aliyepewa uhuru papo hapo pamoja na dola 30 kila mwaka. Wengine 153 hakuwa na mamlaka juu yao. Mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, alikufa mwaka 1757 bila wosia, na sheria ikampa mjane theluthi ya watumwa awatumie maisha yake yote, kisha warudi kwa warithi wa Custis. Kwa hiyo Martha alipowaachia huru watu wa Washington tarehe 1 Januari 1801, wapo waliotoka huku wake, waume au watoto wao wakibaki utumwani. Naye alipofariki mwaka 1802, wale wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wake wanne. Mjukuu wa familia iliyotawanywa hivyo hawezi kuielewa habari ya wazee wake kwa kusoma wosia wa Washington peke yake. Lazima aifuate pia mirathi ya mtu aliyekufa miaka 42 kabla, halafu mgao wa kila mjukuu wa Martha. Hata hesabu za wasimamizi wa Washington zina habari zake, kwa kuwa zinaonyesha wazee walioachwa huru wakiendelea kutunzwa kwa fedha za mirathi hadi mwaka 1833.

Rais wa zamani Thomas Jefferson naye aliwaacha huru watu watano tu katika wosia wake wa 1826, mmoja wao mhunzi Joseph Fossett. Mke wa Fossett, Edith, mpishi hodari aliyewahi kufanya kazi katika nyumba ya rais mjini Washington, hakuachiwa, wala watoto wao. Jefferson alikufa na madeni makubwa, na Januari 1827 shambani kwake Monticello palifanyika mnada uliotangaza watu 130 pamoja na mifugo, mavuno na vyombo vya nyumbani. Peter, mtoto wa Joseph na Edith, aliuzwa akiwa na umri wa miaka 11. Joseph hakukata tamaa: mwaka 1837 aliandika hati ya kuwaacha huru Edith, watoto wao watano na wajukuu wanne, ambao sasa yeye ndiye aliyekuwa mmiliki wao kisheria, na familia ikahamia Cincinnati, ambako Peter alikuja kuwa mhubiri. Nyaraka hizi ziko katika sehemu mbalimbali, wosia hapa, mnada pale, hati ya uhuru kwingine, na kazi ya mtafiti ni kuziunganisha.

Ipo mitego, na nadhani ni haki wasomaji wako wenye jamaa Marekani waijue. Mtumwa kwa kawaida ameandikwa kwa jina moja tu, kwa hiyo anayetafuta sharti kwanza ajue bwana alikuwa nani, na bwana huyo si lazima awe na jina la ukoo ambalo familia inalitumia leo. Jina lake hupatikana kwa njia za pembeni: fomu za Benki ya Walioachwa Huru, iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1874, ambazo baadhi zinataja bwana wa mwisho, mikataba ya kazi ya Idara ya Walioachwa Huru, na wazungu wenye mashamba waliohesabiwa jirani na familia katika sensa ya 1870. Ukishampata bwana, usiishie kwa wanaume wa ukoo wake. Chini ya sheria ya Kiingereza iliyofuatwa na makoloni, mali aliyorithi binti aliyeolewa iliingia mikononi mwa mumewe, na familia nzima za watumwa huonekana kama zimetoweka, kumbe zimehamia kaunti nyingine chini ya jina la mkwe. Vilevile, mwana aliyeachiwa shilingi moja katika wosia mara nyingi hakuwa amelaaniwa na baba yake; alikuwa ameshapewa fungu lake mapema, na huenda ndani ya fungu hilo walikuwamo watu. Na kabla ya mwaka 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ya 1740 katika daftari yaweza kuwa ile tunayoiita leo Februari 1741.

Siwezi kusema kwamba kila mtu atapata. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka madaftari yao Richmond wakati wa vita ili yawe salama, na Aprili 1865 mji ukaungua na madaftari mengi yakateketea humo. Watafiti wa huko huziita kaunti zilizoungua, na baba mkwe wangu ana tawi moja la ukoo wake katika kaunti ya namna hiyo. Lakini hata huko, mali ikiwa ilivuka mpaka wa kaunti, nakala ya mgao yaweza kuwa upande wa pili.

Jambo moja linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Louisiana, iliyotawaliwa na Wafaransa na baadaye Wahispania, ilikuwa na makarani walioandika mara nyingi hata kabila la mtumwa katika hati za mirathi na mauzo. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall alikusanya kutoka nyaraka hizo kumbukumbu za watu zaidi ya 100,000 wa kati ya 1719 na 1820, na miongoni mwa makabila yaliyotajwa wamo Wamakua, ambao sisi tunawajua kama wenyeji wa Masasi na wa ng'ambo ya Ruvuma. Virginia nayo ilipokea meli kadhaa za watumwa kutoka Madagaska katika miaka ya 1719 hadi 1721. Waliosafirishwa kutoka upande wetu wa bara walikuwa wachache sana wakilinganishwa na wale wa Afrika Magharibi na Kongo, na ukweli huo usifichwe ili kumfurahisha mgeni.

Ndiyo maana ombi langu linawahusu wanaowapokea wageni hao: waongoza watalii, walimu, wazee wa mitaa na hata gazeti lako. Mgeni akifika na karatasi ya vinasaba yenye asilimia, msikimbilie kumpa kabila wala kumfanyia sherehe ya kumpa jina. Mwulizeni wazee wake wa 1870 walikuwa kaunti gani, nani aliwamiliki, na mirathi ya huyo aliyewamiliki ilifunguliwa wapi. Asipojua, mwelekezeni kwenye mahakama ya kaunti, hifadhi ya nyaraka ya jimbo lake, au tovuti ya FamilySearch, ambayo hutoa picha za madaftari mengi ya wosia bila malipo. Nalo gazeti, kama litarudi kwenye habari hii, lizungumze na angalau mtu mmoja aliyewapata wazee wake kwa njia hiyo, kwa sababu wapo wengi, na wengi wao wangekuwa radhi kuonyesha karatasi zao.

Msomaji wako,
Richmond, Virginia