Mwili mmoja, majina mawili

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila msimu wa korosho umetukaba. Malori ya Tandahimba na Newala yanapanga foleni mpaka usiku, na nisamehe kimya changu, kilichonifunga ni ile seva uliyoniachia, kompyuta kuu inayotunza data ya ghala.

Unaikumbuka ilivyoitwa STOO-PC? Mabosi walitaka kompyuta zote zifuate mpangilio mmoja wa majina, kijana wa hapa akaibadilisha ikawa MTW-SEVA1. Ikawaka bila kelele, stakabadhi za ghala zikaendelea kuingia, tukasahau. Juzi nikawa naiandaa ili ghala la Masasi liwe linapata nakala ya data yetu papo kwa papo. SQL Server, ile programu inayotunza data ndani yake, ikagoma: eti taja jina halisi la seva, nalo ni STOO-PC! Nikakagua kebo, nikazima faiawoli, nikamwamsha hata fundi wa intaneti, maskini, hana kosa.

Mwisho nikaiuliza yenyewe. SELECT @@SERVERNAME ikajibu STOO-PC. SELECT SERVERPROPERTY('ServerName') ikajibu MTW-SEVA1. Nikacheka peke yangu: mimi na wewe watu wawili jina moja, hii mwili mmoja majina mawili. Kumbe la pili linafuata jina la kompyuta lilivyo sasa, na la kwanza linatoka kwenye orodha yake ya ndani, sys.servers, ambayo hairekebishwi na mtu kubadili jina kwenye Windows.

Basi, kulifuta jina la zamani kwenye orodha hiyo, nikaandika sp_dropserver 'STOO-PC'. Ikakataa, kuna logini za mbali, yaani ruhusa za kuingia kutoka seva nyingine, zimening'inia. Nikaongeza 'droplogins', ikakubali. Halafu, kuliingiza jina jipya, sp_addserver 'MTW-SEVA1', 'local'. Hilo 'local' usilisahau, ukiliacha itajiandika kama seva ya jirani. Nikauliza tena @@SERVERNAME. STOO-PC! Nusura niitukane. Kumbe lazima huduma ya SQL Server izimwe na kuwashwa upya, na mzani ulikuwa bado unaingiza kilo. Nikakaa kwenye gunia hadi lori la mwisho likapimwa, saa saba usiku, ndipo nikazima. Ilipowaka, majina yote mawili yakawa MTW-SEVA1.

Nakuambia haya kwa kuwa ulisema ninyi huko Lindi mnataka kubadili jina la seva yenu, nayo tayari inanakili data kwenda Nachingwea. Usiliguse jina kabla hujaondoa huko kunakili kwote. Utaunda upya kunakili huko baadaye. Na kama SQL yenu ina jina lake baada ya mkwaju wa nyuma (\), liandike lote kwenye amri zote mbili. Kinachobadilika ni kile cha kabla ya mkwaju tu.

Mama msalimie. Nimempa dereva wa basi la kesho asubuhi kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, mfuko mweusi, nimeandika jina lako. Au langu, shauri yako.

Somo wako