Waitaliano watatu na setilaiti iitwayo Uhuru

Nairobi, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpenzi, Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Unatafuta watu wa asili ya Kitaliano wa kuwaenzi siku ya maonyesho ya klabu ya sayansi, na umeshawataja Galileo na Marconi. Ni miamba, sina neno. Lakini wewe unafundisha Malindi, na Ngomeni iko hapo kaskazini yenu tu. Ubao wote ningewapa Luigi Broglio, Bruno Rossi na Riccardo Giacconi. Kazi za watatu hao zilikutana hapo, kwenye Ghuba ya Ungwana, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa inatimiza miaka saba ya uhuru: siku hiyo setilaiti ya eksirei iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini.

Anza na Broglio, maana jukwaa lile la baharini ni kazi yake. Alizaliwa Mestre mwaka 1911, akawa mhandisi, mwanajeshi wa anga na profesa Roma. Setilaiti yake ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na mafundi wa Kitaliano kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili ilipaa kutoka Kenya tarehe 26 Aprili 1967. Ndani yake mlikuwa na kipimo alichokibuni mwenyewe: gamba la nje limeshikizwa kwa springi kwenye kiini kizito. Hewa nyembamba ya huko juu husukuma gamba, kiini hakiguswi, na kule kusogea kidogo kwa gamba ndiko kunakoeleza hewa ina uzito gani. Mimi naona hicho ni kifaa kizuri kuliko roketi yenyewe.

Wanafunzi watauliza kwa nini ikweta. Jibu la kawaida ni kwamba dunia huko inazunguka kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde, na roketi huipata kasi hiyo bure. Ni kweli, ila kwa setilaiti ya 1970 faida kubwa ilikuwa nyingine. Ikirushwa kutoka nyuzi 3 kusini, inazunguka ikiwa imeshikamana na ikweta, na hivyo hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji hushuka chini na kukijaza kipimo makelele.

Rossi alizaliwa Venice mwaka 1905. Mwaka 1930 alibuni saketi inayohesabu pale tu vipimo viwili au zaidi vinapoguswa kwa wakati mmoja, na mwaka 1933 alikwenda Asmara, Eritrea, kupima kama miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu zitokazo angani, inatoka zaidi magharibi au mashariki. Mwaka 1938 sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi zilimnyang'anya kazi ya uprofesa Padova. Akaenda Copenhagen, kisha Manchester, hatimaye Marekani. Usiliruke hili ubaoni. Nchi yake ilimfukuza, na bado tunamhesabu kati ya fahari zake.

Ni Rossi aliyemshawishi Giacconi, kijana wa Genoa aliyesomea Milan, atafute eksirei kutoka angani. Kutoka ardhini haiwezekani: angahewa huzimeza zote. Tarehe 18 Juni 1962 timu ya Giacconi ilirusha roketi kutoka White Sands, New Mexico, ikapata sekunde 350 tu za kutazama, nazo zikatosha kuonyesha chanzo cha eksirei kikali kuliko vyote nje ya mfumo wa jua, kiitwacho Sco X-1. Kutoka sekunde 350 alitaka kupata miaka. Hapo ndipo Ngomeni ilipoingia.

Setilaiti yenyewe ilikuwa na kilo 140 na kitu, ikabebwa na roketi ya Scout ya hatua nne. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru kwa kuwashukuru Wakenya. Ilikuwa na macho mawili yaliyopeana mgongo, kila moja kasha la gesi lenye eneo la sentimita za mraba 840 na dirisha jembamba la berili, metali nyepesi. Mbele ya kila kasha palikuwa na wavu wa mirija: upande mmoja uliona nyuzi 5 kwa 5, wa pili ulibanwa hadi upana wa nusu ya nyuzi. Setilaiti ilijizungusha mara moja kila dakika 12. Chembe zilizojifanya eksirei zilichujwa kwa kuangalia umbo la mpigo wa umeme ndani ya kasha, na kwa wazo la Rossi lililogeuzwa: vipimo viwili vikiguswa pamoja, usihesabu. Vipimo vyake vya hadi 1973 vilitoa orodha ya vyanzo 339. Kimoja, Cen X-3, kilikutwa kikidunda kila sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana cha nyota iliyokufa, inayokula gesi ya nyota mwenzake. Giacconi alipewa Nobeli mwaka 2002.

Sasa onyesho lenyewe. Zungushia karatasi nyeusi ya manila kwenye mpini wa ufagio wenye upana wa sentimita 2.5, gundisha, chomoa mpini, kata mrija wa sentimita 30. Upana gawanya kwa urefu, kisha zidisha kwa 57 upate nyuzi: unaona takriban nyuzi 5, sawa na jicho pana la Uhuru. Tengeneza wa pili wa sentimita 60, utaona nusu yake. Kwa nyuzi nusu ungehitaji karibu mita 3, na ndiyo maana setilaiti hutumia mirija mingi myembamba badala ya mmoja.

Ufunge mrija kwenye simu ya Android yenye programu ya kupima mwanga. Sensa kwa kawaida iko juu, karibu na spika ya sikioni. Ipate kwanza kwa kuifunika kwa kidole, kisha ziba pande zote kwa kitambaa cheusi. Simu ikae kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka. Chora alama 12 sakafuni kukizunguka kiti, nyuzi 30 kila moja. Mtoto mmoja aite kila sekunde 10, mwingine asogeze kiti alama moja, polepole bila kusita. Mzunguko utachukua dakika 2. Weka tochi tatu umbali wa mita 3 zikikielekea kiti: mbili ziachane sentimita 20, ya tatu mbali nazo.

Kwenye grafu ya mwanga, mrija mfupi utazichanganya tochi zile mbili kuwa mlima mmoja. Mrija mrefu utazitenganisha, lakini hapo punguza mwendo, dakika 4 kwa mzunguko, la sivyo simu haitawahi kulisoma pengo kati yake.

Yatakayoharibika nakutajia mapema. Ukipata mwanga kila upande, karatasi inang'aa ndani. Ipake masizi au rangi nyeusi isiyo na mng'ao. Kuta nyeupe pia hurudisha mwanga, kwa hiyo funga mapazia na usimamishe tochi mbele ya kitu cheusi. Tochi isipoonekana kabisa, angalia kimo: kwa mrija mfupi, ikipanda au kushuka zaidi ya sentimita 13 kutoka usawa wa mrija, haimo. Kwa mrefu ni 6 tu. Na mlima ukija na meno meno, anayesukuma kiti anasitasita. Mwambie akanyage kwa hatua ndogo ndogo, au mpe mwingine.

Niandikie namba mlizopata, hata zikiwa mbaya. Hasa hizo mbaya.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote