Mpwa wangu, anza na rejista ya wodi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Unasema ukimaliza intani unataka upasuaji wa watoto, tena si wa kisu peke yake: unataka kufundisha, kutafiti na kuandika. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wana swali hilohilo.

Njia yenyewe inajulikana. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, kinataka miaka 2 ya upasuaji wa msingi, kisha miaka 3 ya upasuaji wa watoto, yote ukiwa kazini hospitalini. Wengine hupitia shahada ya uzamili ya chuo kikuu. Ngazi za chuo, tangu mhadhiri msaidizi hadi profesa, hupandwa kwa machapisho, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Wanahangaika kutafuta mada huko mbali, na mada imelala kwenye rejista ya wodi ya watoto wachanga, hakuna aliyeihesabu.

Chukua ugonjwa mmoja tu, gastroskisisi. Mtoto anazaliwa na tundu dogo pembeni mwa kitovu, mara nyingi upande wa kulia, na matumbo yako nje bila utando wa kuyafunika. Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74 kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za mfumo wa chakula. Kwa gastroskisisi, katika nchi tajiri walikufa watoto 2 kati ya 139. Katika nchi za kipato cha kati walikufa 97 kati ya 304. Katika nchi maskini walikufa 9 kati ya 10.

Wengi wakisoma hapo wanashtushwa na ile 9. Mimi naumizwa zaidi na ile 10. Ni kweli hospitali zilizoshiriki kutoka nchi maskini zilikuwa chache, lakini watoto wengine hufia zahanati, nyumbani au ndani ya gari, na hawaingii kwenye hesabu ya daktari yeyote. Kwa hiyo utafiti wako uanzie pale mtoto anapozaliwa. Ukiuanzia kwenye meza ya upasuaji utakuwa umechelewa.

Mambo ya saa za kwanza unayajua, ila nayaorodhesha kwa sababu kila moja ni safu kwenye fomu yako. Mtoto aingizwe kwenye mfuko safi wa plastiki unaoonyesha ndani, kuanzia miguuni hadi kwapani, ili matumbo yaonekane na joto lisitoke. Shashi iliyolowa isitumike: inampoza mtoto na kugandamana na utumbo. Alazwe ubavu wa kulia ili mishipa ya damu ya utumbo isijikunje. Mpira wa tumboni namba 8 au 10 uachwe wazi, na majimaji ya tumboni yavutwe kupitia humo mara kwa mara. Asinyonye kwanza. Apewe vitamini K, ampisilini na gentamaisini. Akiwa amepungukiwa maji, dripu ya mwanzo ni mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 2.2 hatazidi mililita 44 kwa mkupuo mmoja. Halafu silo: mfuko wenye pete inayokaa chini ya ukuta wa tumbo, unaoning'inizwa wima juu ya mtoto, na matumbo yanasukumwa ndani polepole kila siku, kwa kawaida siku 3 hadi 7. Rangi ya utumbo ikigeuka zambarau au nyeusi, ujue tundu linabana au utumbo umejisokota. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Sasa tazama jinsi takwimu zinavyoharibika, maana hapa ndipo mtafiti anapojulikana.

Kwanza ni jina la ugonjwa. Rejistani utakuta "matumbo nje", basi. Hapo wamechanganywa na watoto wa omfalosili, ambao matumbo yao yamo ndani ya utando, yanatokea kitovuni penyewe, na mara nyingi wana kasoro za moyo pia. Ukiwajumlisha pamoja, hesabu yako haina maana. Ongeza maswali mawili kwenye fomu ya mapokezi: je, kuna utando? Kitovu kiko wapi?

Pili ni joto la mwili. Kipimajoto cha kawaida cha zebaki huanzia nyuzi 35. Mtoto aliyefika na nyuzi 32 ataandikwa 35, na wewe utahitimisha kwamba baridi si tatizo. Tafuta kipimajoto kinachosoma chini zaidi kabla hujaanza, na muda wa kusafiri uandike kwa saa, si kwa siku.

La tatu ndilo baya kuliko yote: watoto walioondolewa na wazazi. Tuseme umepokea 20, wamekufa 8, na 4 wamechukuliwa nyumbani bila ruhusa. Ukiwahesabu hao 4 kuwa hai, vifo ni asilimia 40. Ukiwatoa kwenye hesabu, ni 8 kati ya 16, asilimia 50. Kama wote walifariki, ni asilimia 60. Watoto ni walewale, majibu ni matatu. Amua mapema utawahesabu vipi, liandike hilo kwenye pendekezo la utafiti kabla ya kamati ya maadili kulipitisha, na ukichapisha toa hesabu zote tatu. Mhakiki makini hatakusamehe ukificha, na wala asikusamehe.

Kuna mtego mwingine. Unaanza kutumia silo mwezi Machi, vifo vinapungua, unaandika kwamba silo imeokoa watoto. Kumbe Aprili wodi ilipata joto la kudumu, na Mei akaja muuguzi aliyebobea kwa watoto wachanga. Weka daftari la tarehe za kila badiliko wodini, hata lile unaloliona dogo. Na usisahau chakula: baada ya kufunga tumbo, utumbo huweza kugoma kwa wiki kadhaa, na pasipo lishe ya mshipani mtoto aliyepona upasuaji hufa kwa njaa au kwa maambukizi. Kwa hiyo vifo vya siku 30 viandike, lakini usiishie hapo.

Kazi ya kudumu katika fani hii imejengwa na watu waliong'ang'ania ugonjwa mmoja. Alberto Peña, aliyeanza mwaka 1980 kule Mexico kuwapasua kwa nyuma watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, aliendelea kuwafuatilia miaka mingi, akiuliza nani anazuia choo na nani hawezi. Morio Kasai wa Japani aliunganisha utumbo na ini kwa watoto ambao njia zao za nyongo zimeziba. Baadaye ikaonekana kwamba matokeo ni mazuri zaidi mtoto akipasuliwa kabla ya siku 60, na mwaka 2004 Taiwan ikaanza kuwapa kina mama wote kadi ya rangi za choo, wamtambue mapema mtoto mwenye choo cheupe. Kadi ya karatasi, mpwa wangu, nayo ni utafiti wa upasuaji.

Wageni watakuja kushirikiana nawe, na ni vizuri. Ila kabla ya mtoto wa kwanza kuandikishwa, mkubaliane kwa maandishi takwimu zitakaa wapi na nani atakuwa mwandishi wa kwanza na wa mwisho. Baadaye ni ugomvi.

Simu nazo: chukua namba tatu, ya mama, ya baba, na ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Laini hubadilishwa, lakini mwenyekiti hujua familia ilikohamia.

Wiki hii muombe muuguzi mkuu rejista ya mwaka jana. Hesabu kila "matumbo nje": umri wa mama, uzito, saa ya kufika, walikoishia. Niandikie umepata wangapi, na wangapi safu ya mwisho iko tupu.

Mjomba wako