Kushusha gari si kukata springi

Mhariri,

Anayetaka Subaru yake ikae chini asimruhusu fundi kukata springi kwa gesi. Moto huharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa huweza kuchomoka kwenye kikombe chake gurudumu likining'inia. Kwa gari la kila siku, springi fupi za kushusha milimita 25 hadi 30 zinatosha, mradi shokapu ni nzima. Koilova, yaani springi na shokapu zilizounganishwa pamoja, hupandishwa na kushushwa kwa spana, lakini vumbi na chumvi ya pwani hugandisha hesi zake. Zipigwe brashi na kupakwa grisi. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya magurudumu, zikazwe magurudumu yakiwa chini, kwani zikikazwa gari likiwa kwenye jeki bushi hujikunja na kuchanika. Alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, ifanywe pia, tairi zisilike upande wa ndani.

Msomaji, Mombasa