Kabla Hujasema "Ni Uzee Tu"

Simu nyingi tunazopigiwa kuhusu wazazi huanza hivi: "Samahani, labda ni uzee tu, lakini..." Kisha ndiyo yanafuata yenyewe. Baba hatoki chumbani. Mama anauliza jambo lilelile mara tano. Bibi, aliyekuwa mpole, siku hizi ni mkali. Sisi wanasaikolojia tunaohudumia wazee tunaliogopa hilo neno "tu" kuliko dalili zenyewe, maana ndilo linalowachelewesha watu.

Uzee hupunguza kasi, hatukatai. Jina la mtu linakwama, halafu linakujia baadaye ukiwa unaosha vyombo. Hilo halina neno. Lakini anayepotea kwenye njia aliyoipita miaka 30, au anayeshindwa hesabu alizokuwa akizipiga kichwani, anahitaji kuangaliwa.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kutenganisha mambo yanayofanana kwa nje. Sonona ya mzee, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na maumivu yasiyoeleweka, usingizi wa kukatikakatika, kukosa hamu ya kula, na sahau. Ukimuuliza swali anasema "sijui" bila hata kujaribu. Mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na fikra, kwa upande wake mara nyingi hujaribu, hukosea, kisha hulifunika kosa kwa utani. Dalili hiyo peke yake haitoshi kuamua, na wengine wana yote mawili kwa pamoja. Ila ni muhimu kujua, kwa sababu sonona hutibika hata ukiwa na miaka 80, na sahau iliyokuja nayo mara nyingi hupungua.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usitupigie sisi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa aliyoanzishwa juzi.

Watu hutuuliza tunapimaje. Kipimo kimoja ni karatasi na penseli: mzee anachora uso wa saa, anapanga namba zote, kisha anaweka mishale kwenye saa tano na dakika kumi. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Neno "kumi" linauvuta mkono kwenye namba 10 wakati mshale wa dakika unatakiwa kwenda kwenye 2, na ubongo uliochoka hunaswa hapo. Kwa Kiswahili kuna mtego wa pili ambao waliotunga kipimo hawakuuwazia: tunasema "tano" huku mshale mfupi ukiwa kwenye 11! Kwa hiyo hatukimbilii kuhesabu kosa. Na ambaye hakupata kusoma hatumpimi kwa penseli; tunazungumza naye na watu wa nyumbani kuhusu shughuli zake za kila siku.

Baada ya vipimo huja tiba, ambayo hasa ni mazungumzo yenye mpangilio. Kwa aliyefiwa na mwenzi, au anayejiona hana kazi tena baada ya kustaafu, mara nyingi tunayapitia maisha yake hatua kwa hatua, jambo ambalo daktari Robert Butler aliliandikia mwaka 1963 wakati wengi waliona mzee anayesimulia ya zamani amepotewa tu. Kwa asiyelala, tunarekebisha mazoea ya usingizi kwanza, kwani vidonge vya usingizi huongeza hatari ya kuanguka. Nawe unayemuuguza, njoo siku yako peke yako. Tumeona wauguzaji wanaofika wamechoka kuliko mgonjwa.

Siku ya kuja, usimdanganye kwamba mnakwenda kusalimia watu. Akigundua, hatatuamini sisi wala wewe. Mwambie kuna mtu wa kuzungumza naye kuhusu usingizi au kumbukumbu. Chukua miwani yake, kifaa cha kusikia kama anacho, na dawa zote anazotumia, hata za kununua bila cheti. Asiyesikia vizuri huonekana amesahau kumbe hakusikia swali.

Tutakuomba usubiri nje nusu saa ya kwanza. Wengine hukwazika kidogo, lakini yapo mambo ambayo mzee hawezi kuyatamka mbele ya mtoto wake.